Jumatatu Waliyoondoa Karatasi

Tarehe 10 Novemba 1935 nyumba ya daktari mmoja katika mtaa wa Wimpole, katikati ya London, ilishika moto na wanawake watano wakafa. Jirani aliyeuona moto ule alikimbilia simu kuwaita wazimamoto, lakini simu yake ikawekwa kwenye foleni pamoja na za watu wengine wote. Kwa hasira aliandika barua iliyochapishwa na gazeti la The Times, kamati ikaundwa, na tarehe 30 Juni 1937 London ikawa mji wa kwanza duniani kuwa na namba maalumu ya dharura: 999. Ndiyo namba ambayo Kenya iliirithi kutoka kwa mkoloni, na inaitumia hadi leo.

Namba hiyo ilitatua nusu ya tatizo: mwenye shida alisikika upesi. Nusu ya pili, yaani kuamua ni gari lipi liende wapi, ilibaki kwa watu waliokaa mbele ya simu na ramani. Kwa zaidi ya nusu karne waliifanya kazi hiyo kwa kalamu. Kisha wakubwa wao wakaamua kwamba mwaka 1992 kompyuta itaifanya yote, kwa mji mzima, kuanzia siku moja iliyopangwa. Yaliyofuata bado yanafundishwa katika vyuo vya uhandisi wa programu, na mara nyingi hufundishwa kama kisa cha programu mbovu. Ubovu ulikuwepo kweli. Lakini ukifuata historia yenyewe hatua kwa hatua, unakuta kwamba siku mbili za maafa makubwa kompyuta haikuharibika hata kidogo.

Mkanda, fomu na visanduku

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Huduma ya Magari ya Wagonjwa ya London ilihudumia eneo la maili za mraba 600 hivi, lenye wakazi wapatao milioni 6.8. Kila siku ilipokea simu kati ya 2,000 na 2,500, na kati ya hizo 1,300 hadi 1,600 zilikuwa za 999. Zote zilimiminika kwenye chumba kimoja cha kuongozea magari, katika makao makuu ya Waterloo.

Mpokea simu aliandika maelezo kwenye fomu, akatafuta mahali pa tukio katika kitabu cha ramani, kisha akaiweka fomu kwenye mkanda unaotembea. Mwisho wa mkanda mtu mwingine alizikusanya fomu, akazisoma, akaondoa zilizohusu tukio lilelile, na kuzigawa kwa kanda tatu: Kaskazini-Mashariki, Kaskazini-Magharibi na Kusini. Katika kila kanda alikaa mgawaji. Mbele yake palikuwa na visanduku vyenye fomu za magari yake, na kwa kuviangalia alijua gari lipi liko kituoni, lipi liko njiani na lipi liko hospitali. Akishachagua gari, fomu ilikwenda kwa aliyepiga simu kituoni, au kwa aliyeshika redio ikiwa gari liko barabarani. Kazi hiyo yote ilitakiwa iishe ndani ya dakika 3.

Mara nyingi haikuisha. Kutafuta mtaa kwenye kitabu kulikula muda, hasa pale mpigaji alipotaja nusu ya jina. Fomu zilisafirishwa kwa mkono na zilipotea. Watu kumi walipopiga simu kuhusu ajali moja, kutambua kwamba ajali ni moja kulitegemea kumbukumbu ya mtu aliyechoka. Mgawaji alipotaka kujua gari liko wapi ilimbidi aulize redioni, na redio ilikuwa na foleni yake. Aliyesema mfumo ule umepitwa na wakati hakuwa anasingizia.

Hata hivyo karatasi ile ilikuwa na sifa moja ambayo hakuna waraka wa zabuni ulioitaja: ilipita mikononi mwa watu. Mpokea simu akikosea jina la mtaa, mgawaji aliyeijua kanda yake aliweza kushtuka. Dereva akisahau kutoa taarifa kwamba amemaliza kazi, aliulizwa redioni. Gari likipangiwa safari isiyo na maana, wahudumu walibisha na kusikilizwa. Makosa madogo yaliingia chumbani mchana kutwa, na mengi yalisahihishwa kabla hayajazaa mengine. Kazi hiyo ya kusahihisha haikuwa na jina wala bajeti, na hakuna aliyeajiriwa kwa ajili yake. Ndiyo maana ulipofika wakati wa kununua kompyuta, hakuna aliyekumbuka kuinunua.

Bei ya chini, tarehe isiyosogea

Jaribio la 1992 halikuwa la kwanza. Mradi wa kompyuta ulioanzishwa katika miaka ya 1980 ulishindwa kubeba mzigo ulipojaribiwa, na katika majira ya vuli ya 1990 ukaachwa baada ya kumeza pauni milioni 7.5. Wakati huohuo huduma ilikuwa imetoka kwenye mgogoro mchungu wa mishahara wa 1989 na 1990, ambao ulifikia hatua ya wanajeshi na polisi kuendesha magari ya wagonjwa mjini London. Uhusiano kati ya uongozi na wafanyakazi ulibaki na majeraha. Juu ya hayo, serikali ilikuwa inapitisha mageuzi katika shirika la afya la taifa, NHS, na kila taasisi ilitakiwa kuonyesha ufanisi. Mwaka 1991 uongozi wa huduma ulifuta nafasi 53 za mameneja wa juu na wa kati, karibu asilimia 20 ya nafasi hizo. Waliobaki walikuwa wachache na wamebanwa, na ndio waliotakiwa kusimamia mabadiliko makubwa kuliko yote katika historia ya taasisi yao.

Mtendaji mkuu, John Wilby, na wenzake waliiona kompyuta kama njia ya kukata mafundo yote kwa pigo moja. Ingeharakisha magari, na papo hapo ingeondoa mazoea ya kazi waliyoyaona kuwa ya kizamani: mashauriano redioni, vituo kujiamulia gari gani liende, wagawaji kufuata uzoefu badala ya utaratibu. Hapa ndipo mradi ulipochukua mwelekeo ambao haukuuacha tena. Mambo ambayo chumba kiliyahesabu kuwa sehemu ya kazi, uongozi uliyahesabu kuwa sehemu ya tatizo. Maelezo ya mahitaji ya mfumo yaliandikwa bila wahudumu wa magari kushirikishwa vya kutosha.

Zabuni ilitangazwa mwanzoni mwa 1991. Kampuni 35 zilionyesha nia na 17 zikaleta bei. Tarehe ya kukabidhi mfumo ilikwishapangwa: 8 Januari 1992, nayo haikuwa ya kujadiliwa. Kabla ya hapo washauri walikwisha kuandika kwamba ukipatikana mfumo uliokwisha kutengenezwa kwa ajili ya kazi ya aina hiyo, ungegharimu kama pauni milioni 1.5 na kuchukua miezi 19; usipopatikana, gharama na muda vingepanda sana. Mfumo wa kununua tayari haukuchaguliwa. Ukachaguliwa wa kutengenezwa upya, kwa pesa pungufu na muda mfupi kuliko hata ule wa mfumo tayari.

Walioshinda walikuwa kampuni tatu kwa pamoja: Apricot kwa kompyuta, Datatrak kwa vifaa vya kufuatilia magari, na kampuni ndogo ya programu iitwayo Systems Options. Bei yao ilikuwa pauni 937,463. Kanuni ya ununuzi ilisema achukuliwe mwenye bei ya chini isipokuwa kuna sababu nzito za kumkataa. Sababu zilikuwepo kwa aliyetaka kuziona: kampuni ya programu haikuwahi kujenga mfumo wa kutuma magari ya dharura, na taasisi nyingine zilizoulizwa juu yake zilionyesha wasiwasi kama ingeweza kubeba kazi ya ukubwa huo. Kwa upande wa wanunuzi, mmoja wa watu wawili waliobeba mzigo mkubwa wa zabuni alikuwa mtu wa magari ya wagonjwa tangu ujana wake, asiye mtaalamu wa kompyuta, aliyekwisha kuambiwa kwamba nafasi yake atapewa mwenye sifa.

Mambo mengine yalifuata mkondo huo. Ulikubaliwa utaratibu rasmi wa kusimamia miradi, lakini hakuna aliyekuwa na uzoefu nao na haukufuatwa. Kazi ya kukagua ubora iliachwa kwa waliojenga wenyewe. Sehemu ya programu iliyoonekana kwenye skrini iliandikwa kwa Visual Basic, chombo kilichotoka sokoni mwaka uleule wa 1991, ambacho bado hakijathibitishwa kwenye kazi ambayo sekunde zina thamani.

Miezi ya viraka

Tarehe 8 Januari 1992 ilifika na mfumo haujakamilika. Ulichukuliwa uamuzi ambao ulikuwa wa busara bila kukusudiwa: sehemu zilizokuwa tayari zianze kutumika. Wapokea simu wakaanza kuandika kwenye kompyuta badala ya fomu, kompyuta ikachapisha karatasi, na karatasi zikaendelea kwenda kwa wagawaji kama zamani. Kwa miezi 9 chumba kiliishi hivyo, mguu mmoja kwenye skrini na mwingine kwenye karatasi, na sehemu nyingine za mfumo zikiongezwa kanda kwa kanda.

Miezi hiyo ilitoa onyo la kila aina. Skrini ziliganda. Taarifa za mahali magari yalipo zilikuja na makosa, au hazikuja kabisa. Lakini kulikuwa na karatasi, na watu waliendelea kufanya kazi yao isiyo na jina: kuona kosa, kuuliza, kusahihisha. Mgonjwa hakuyaona matatizo mengi ya mfumo kwa sababu mfanyakazi aliyaziba. Uongozi ukapata picha ya mfumo unaokwenda, kumbe uliotazamwa ulikuwa mfumo pamoja na watu walioubeba.

Mafunzo nayo yalikuwa na kasoro yake. Yalitolewa mapema, yakifuata tarehe ya kwanza. Tarehe iliposogea, watu walikuwa wamesahau mengi. Tena waliokaa chumbani na waliokuwa barabarani walifundishwa mbali mbali, ingawa mfumo uliwataka watende kama kitu kimoja. Wahudumu wengi waliamini kwamba kifaa kilichofungwa ndani ya gari kilikuwa jicho la bosi. Imani yao kwa mfumo ilikuwa ndogo kabla haujaanza.

Siku mbili za Oktoba

Jumatatu, 26 Oktoba 1992, mfumo ulianza kutumika wote, London nzima kwa mara moja. Mabadiliko ya siku hiyo hayakuwa ya programu pekee. Chumba kilipangwa upya. Wagawaji waliozoea kukaa karibu na wenzao wa kanda moja walijikuta mahali pengine, mbele ya skrini. Kanda tatu zilivunjwa na mji ukawa uwanja mmoja, hata mtu aliyeijua kanda yake kwa miaka mingi akawa anatuma magari sehemu asizozifahamu. Na karatasi ziliondolewa. Siku hiyo mfumo ulikuwa na dosari 81 zilizojulikana ambazo hazijarekebishwa. Haukuwahi kujaribiwa ukiwa na mzigo kamili, na seva ya akiba haikuwahi kupimwa ipasavyo.

Katika mpango mpya, simu ikiingia kompyuta ilitafuta gari lililo karibu. Likiwepo linaloweza kufika ndani ya dakika 11, mpokea simu mwenyewe aliweza kulituma. Lisipokuwepo, ndipo mgawaji aliingilia. Ili hilo liwezekane, kompyuta ilihitaji kujua muda wote kila gari liko wapi na liko katika hali gani. Mahali ilipajua kwa mawimbi ya redio. Hali iliijua kwa vitufe ambavyo wahudumu walitakiwa kuvibonyeza kila hatua: tumepokea kazi, tumefika, tumeondoka na mgonjwa, tumefika hospitali, tuko huru.

Sasa fikiria wahudumu wawili wanaomshusha mgonjwa mahututi ngazini. Mmoja anakumbuka kitufe baadaye, au anabonyeza kisicho chenyewe, au anakibonyeza gari likiwa mahali pasipo na mawimbi. Au asubuhi ile wamechukua gari jingine, si lile ambalo kompyuta inadhani wamo. Katika chumba cha zamani hayo yalikuwa mambo ya sauti moja redioni: uko wapi, umemaliza? Katika chumba kipya hayakuwa na pa kusemewa. Kompyuta iliyaamini kama ilivyopewa.

Kadiri simu zilivyoongezeka siku hiyo, kompyuta iliyajua magari machache zaidi. Gari lililokuwa huru ilidhani lina kazi. Lililokuwa na mgonjwa ilidhani li huru. Ikatuma magari mawili kwenye tukio moja, na penginepo ikatuma la mbali ilhali la karibu limeegeshwa. Kila jambo lisiloeleweka lilizalisha ujumbe wa onyo. Maonyo yakajipanga kwenye skrini bila kutenganisha la hatari na la kawaida, orodha ikarefuka, na ya juu yakasukumwa nje ya kioo mahali ambapo hakuna aliyeyaona, yakiwemo ya wagonjwa waliokuwa bado wanasubiri. Orodha ndefu ikaufanya mfumo uwe mzito, na uzito ukaongeza ucheleweshaji.

Waliokuwa majumbani wakisubiri walifanya ambalo yeyote angefanya: walipiga tena. Kompyuta haikuwa hodari wa kutambua kwamba simu ya pili ni ya tukio lilelile, hivyo kila aliyerudia aliongeza kazi mpya juu ya ile isiyoisha. Wapokea simu wakaelemewa, na baadhi ya simu za 999 zikaita hadi dakika 10 kabla ya kupokelewa. Wahudumu wa magari, kwa kuchoshwa na maagizo yasiyo na kichwa wala miguu, waliacha vifaa wakarudi kwenye redio, na redio ikaziba. Waliozungumza redioni hawakubonyeza vitufe, kwa hiyo kompyuta ikajua kidogo zaidi kuliko hapo awali. Mduara ulikuwa umekamilika, na kila mzunguko ulikuwa mbaya kuliko uliotangulia.

Siku hiyo wala ya pili yake hazikuwa na wagonjwa wengi kupita kawaida. Sehemu kubwa ya simu zilizozidi zilikuwa za watu waliorudia kupiga kwa kukata tamaa, pamoja na zile zilizojirudia bila kutambuliwa. Mfumo uliangukia mzigo ulioutengeneza wenyewe.

Jumanne tarehe 27, saa nane mchana, uongozi ulisalimu amri. Chumba kikarudi kwenye utaratibu wa nusu kwa nusu: simu ziandikwe kwenye kompyuta, maelezo yachapishwe kwenye karatasi, na binadamu wagawe magari. Ndani ya muda mfupi mambo yakatulia. Siku iliyofuata John Wilby alijiuzulu, Martin Gorham akashika nafasi yake kwa muda, na Waziri wa Afya, Virginia Bottomley, akalazimika kulieleza Bunge na kuagiza uchunguzi.

Usiku wa seva

Chumba kilikuwa bado kinapumua ilipofika Jumatano, 4 Novemba. Muda mfupi baada ya saa nane usiku mfumo ulipunguza kasi, kisha ukaganda wote. Wafanyakazi walizima na kuwasha upya kama walivyofundishwa. Haikusaidia. Seva ya akiba, iliyowekwa hasa kwa ajili ya usiku kama huo, haikushika kazi.

Chanzo kilikuwa kidogo kiasi cha kukera. Wiki tatu hivi kabla, mwandishi mmoja wa programu alikuwa akifanya marekebisho akaacha ndani kipande cha maagizo ambacho, kila gari lilipotumwa, kilichukua sehemu ndogo ya kumbukumbu ya seva bila kuirudisha. Safari baada ya safari, kumbukumbu ikaisha.

Hapa kompyuta iliharibika kweli, kabisa, usiku wa manane. Lakini madhara yake hayakufikia yale ya Oktoba. Simu zilikuwa chache saa hiyo, na muhimu zaidi, wafanyakazi walikuwa na karatasi mikononi. Walisikiliza tena kanda zilizorekodi simu ili wayapate maelezo yaliyonaswa ndani ya mashine, wakaandika kwa mkono, wakatuma magari kwa sauti. Weka matukio hayo mawili sambamba uone: Oktoba mashine ilikuwa nzima na mji ukaumia, Novemba mashine ilikufa na chumba kikaendelea.

Watatu waliochunguza

Tume ya uchunguzi ilikuwa na watu watatu, na uteuzi wao wenyewe ulisema mengi. Don Page aliongoza huduma ya magari ya wagonjwa ya South Yorkshire. Paul Williams alikuwa mkaguzi wa mifumo ya kompyuta. Dennis Boyd alikuwa msuluhishi wa migogoro ya kazi. Aliyewachagua alielewa kwamba mtaalamu wa kompyuta peke yake asingeona ila theluthi ya jambo.

Ripoti yao ilitoka Februari 1993. Kuhusu vifo ilikuwa makini. Chama cha wafanyakazi na magazeti walikuwa wametaja watu 20 hadi 30 waliokufa kwa kucheleweshewa magari. Tume ilieleza kwamba hakuna mahakama ya uchunguzi wa vifo iliyokuwa imeamua kuwa kifo chochote kilisababishwa na ucheleweshaji huo. Kuhusu tarehe 26 na 27 Oktoba ilieleza kwamba mfumo kwa maana ya kiufundi haukushindwa: kuna nyakati ulikuwa mzito kupita kiasi, lakini kwa jumla ulifanya ulichosanifiwa kufanya. Tatizo lilikuwa usanifu huo wenyewe. Ulijengwa juu ya sharti kwamba taarifa za magari zitakuwa kamilifu karibu muda wote, na haukuacha njia kwa binadamu kuokoa hali zisipokuwa kamilifu.

Tume haikusema London irudi kwenye kalamu moja kwa moja. Ilisema kompyuta ndiyo njia ya mbele, ila iletwe kwa hatua, baada ya majaribio kamili na mafunzo, ikiwa na akiba inayofanya kazi, na ikikubaliwa na watakaoitumia. Lawama haikuishia kwa mtu mmoja pia. Waliopanga tarehe, waliokubali bei, waliojenga haraka, waliosimamia kutoka juu bila kuuliza, na hali ya kutoaminiana kazini, kila mmoja alipata sehemu yake.

Kujenga upya, taratibu

Martin Gorham aliendelea kuongoza, na hatua zake za kwanza zilihusu mambo mengine kabisa kuliko kompyuta. Yalinunuliwa magari mapya, redio zikaboreshwa, na mazungumzo na vyama vya wafanyakazi yakafufuliwa. Kazi ya mfumo mpya ilipewa Ian Tighe, aliyetoka polisi ya West Midlands, na programu ikajengwa ndani ya huduma yenyewe. Wafanyakazi wa chumba walionyeshwa vipande vyake mapema, wakavijaribu na kuvikosoa kabla havijawa vya kudumu.

Subira hiyo ilikuwa na gharama yake. Miaka ilipita London ikiendelea na karatasi, na magari yakiendelea kuchelewa. Kifo cha mtoto mmoja mwaka 1994, baada ya gari kuchelewa, kilirudisha hasira ya umma na kuzaa uchunguzi mwingine. Wanaosifu mwendo wa taratibu wanapaswa kuukumbuka upande huo: kusubiri nako huumiza, na waliokuwa na haraka mwaka 1991 hawakuwa na haraka ya bure.

Januari 1996 mfumo mpya ulianza, tena kwa kazi ndogo: kupokea simu na kutambua mahali pa tukio. Mengine yaliongezwa baadaye, kila moja baada ya lililotangulia kukaa sawa. Mwaka 1997 taasisi ile iliyokuwa kichekesho cha magazeti ilipewa tuzo na chama cha wanakompyuta cha Uingereza. Hakuna kitu cha ajabu kilichokuwa kimevumbuliwa. Walirudi kwenye kile ambacho chumba kilifanya bila kupanga kati ya Januari na Oktoba 1992, yaani mashine na watu kufanya kazi bega kwa bega, safari hii kwa makusudi.

Historia haikuishia kwenye tuzo. Tarehe 8 Juni 2011 huduma ilijaribu kuhamia kwenye mfumo mpya uitwao CommandPoint, wa kampuni ya Marekani ya Northrop Grumman. Ulishindwa siku hiyohiyo. Wafanyakazi wakashika kalamu, kisha mfumo wa zamani ukarudishwa. Kujaribu tena kulisubiri hadi Machi 2012, ndipo uhamisho ukafanikiwa. Kisha usiku wa kuamkia 1 Januari 2017, mojawapo ya nyakati zenye simu nyingi kuliko zote katika mwaka, mfumo huohuo ulizimika kuanzia kama saa sita na nusu usiku hadi baada ya saa kumi na moja alfajiri. Magari yalichelewa na maswali magumu yaliulizwa. Lakini simu zilipokelewa, magari yalitumwa, na kazi yote ilifanywa kwa kalamu na karatasi na watu waliofundishwa kuifanya hivyo.

Huo ndio umbali uliotembewa katika miaka 25, na hauonekani kwenye kompyuta. Kompyuta za 2017 zilizimika kama za 1992. Kilichobadilika ni hadhi ya yule mwenye kalamu. Mwaka 1992 alihesabiwa kuwa masalio ya utaratibu wa zamani, akaondolewa pamoja na fomu zake. Mwaka 2017 alikuwa sehemu ya mfumo, amefundishwa, na ana ruhusa ya kuendelea bila mashine. Hospitali, bandari, reli au kiwanja cha ndege kinachotaka kuhamia kwenye kompyuta kitaonyeshwa na wauzaji mambo mengi ambayo mashine inaweza. Kabla ya kusaini, wenye dhamana waulize na lile ambalo London haikuliuliza mwaka 1991: mashine ikikosea bila kuharibika, ni nani atakayeligundua kosa, na je, tumemwachia uwezo wa kulisahihisha? Mkataba usiokuwa na jibu la swali hilo haujakamilika, hata kama bei yake ni ya chini kuliko zote.